Masika, gereji na kushika shilingi

Kuna watu wanadhani sisi madereva-waongozaji wa Arusha masika tunapumzika. Hatupumziki, tunakaa tu. Aprili na Mei wageni wanapungua, kambi nyingi zinafungwa, njia za Ndutu zinageuka tope jeusi, na magari yanapelekwa Unga Limited kubadilishwa bushi na shokapu. Miezi hiyohiyo ndiyo Bunge linakaa Dodoma kujadili bajeti.

Zamani haikuwa hivi. Bunge la bajeti lilianza Juni likaenda mpaka Agosti, wakati nyumbu wako mto Mara na sisi tuko porini, simu haina hata mtandao. Mwaka 2013 ratiba ikasogezwa mbele ili kila kitu kipite kabla ya Julai 1, mwaka wa fedha unapoanza. Hakuna aliyetufikiria sisi, lakini matokeo yake ni kwamba sasa gereji nzima inasikiliza hotuba ya Waziri wa Maliasili na Utalii kwenye simu iliyoegeshwa kwenye kopo la grisi.

Na tunasikiliza kweli. Mbunge anasimama, anamshukuru Mungu, anamshukuru Rais, anawashukuru wapiga kura wake, anasema anaunga mkono hoja asilimia mia moja, kisha anaanza kulalamika: tembo wamekula mahindi, fidia haijalipwa, mipaka ya hifadhi imeingia kijijini. Kengele ya pili inagonga kabla hajafika kwenye alichotaka kusema. Chalii mmoja anayefunga springi aliinua kichwa kutoka uvunguni akauliza, "Sasa arifu, huyu anaunga mkono nini?"

Swali zuri. Nimelifikiria tangu siku hiyo, na jibu langu ndilo hili.

Katiba yetu, ibara ya 63, inalikabidhi Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Maneno yamenyooka. Lakini geuza kurasa. Ibara ya 90 inasema Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali, Rais anaweza kulivunja. Ibara ya 99 inamzuia mbunge kuanzisha kodi au kuongeza matumizi mwenyewe. Lazima pendekezo litoke Serikalini. Kupunguza anaweza, kuongeza hawezi. Kwa hiyo mbunge anayetaka barabara ya kuingia hifadhini kutokea jimboni kwake hana njia ya kuichomeka kwenye bajeti. Anachoweza ni kupiga kelele na kushika shilingi, yaani kutishia kuzuia shilingi moja ya mshahara wa Waziri mpaka ajibiwe.

Kushika shilingi ndiyo sehemu tunayoipenda gerejini. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, linapitia kifungu kimoja kimoja. Kila wizara ina namba ya fungu lake: Fungu 69 ni Maliasili na Utalii. Fungu 96 ni utamaduni, sanaa na michezo. (Tarakimu zilezile zimegeuzwa, na mimi ndivyo ninavyozikumbuka.) Wakifika kwenye mshahara wa Waziri, mbunge anasimama: nisipopata maelezo ya kuridhisha, nakusudia kushika shilingi. Waziri anaeleza. Wengine wanasimama kumuunga mkono mwenzao. Mwanasheria Mkuu anaingia na kifungu cha sheria. Waziri anaahidi "kulifanyia kazi". Mwenye hoja anashukuru, anarudisha shilingi. Muda ukiisha wanaingia gilotini, vifungu vyote vilivyobaki vinapita kwa mkupuo: wanaosema ndiyo, wanaosema siyo, waliosema ndiyo wameshinda.

Ukiishia hapo utasema ni maigizo. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu nimeshaona wizara hii ikitetemeka.

Aprili 2012, baada ya ripoti za Mkaguzi Mkuu kufika mezani, Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani, alizunguka na karatasi akikusanya saini za wabunge za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Pinda. Wiki chache tu baadaye Rais Kikwete alipanga upya Baraza la Mawaziri, na miongoni mwa waliobaki nje alikuwa Ezekiel Maige wa Maliasili na Utalii. Wizara yake ilikuwa bado inanuka ile kashfa ya Novemba 2010, wanyama hai zaidi ya 100, twiga wakiwemo, kupandishwa ndege pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na kupelekwa Qatar. Sisi wa Arusha tulilichukulia kama msiba wa nyumbani. Twiga ni mnyama mrefu, anapitaje getini bila mtu kumwona?

Akaja Khamis Kagasheki. Oktoba 2013 Serikali ikaanzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili. Sababu ilikuwepo, nisidanganye. Hesabu ya 2009 ilikuta nchi ina tembo karibu 109,000. Ya 2014 ikakuta 43,000 na ushee. Tulikuwa tunapita sehemu za Kusini tunakuta mizoga haina uso. Lakini operesheni ilipofika vijijini ikawa kitu kingine: watu kupigwa, kuteswa, wanawake kudhalilishwa, ng'ombe kuchukuliwa, watu kufa. Wabunge wa majimbo ya wafugaji walisimama mmoja baada ya mwingine, na operesheni ikasitishwa mwanzoni mwa Novemba. Kisha Kamati ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, mwenyekiti wake James Lembeli wa Kahama, ikatumwa kuchunguza. Haikukaa Dodoma kusubiri taarifa ya wizara. Ilikwenda ikawasikiliza waliopigwa.

Taarifa ilisomwa Desemba 20, 2013. Nilikuwa Karatu, nimepaki nje ya duka la vinywaji, wageni wanakula, na redio ya duka iko juu. Hakuna aliyekuwa ananunua kitu. Jioni ile Kagasheki akajiuzulu humohumo bungeni, na Pinda akatangaza kwamba Rais ametengua uteuzi wa wengine watatu: Nchimbi wa Mambo ya Ndani, Nahodha wa Ulinzi, Mathayo David wa Mifugo. Mawaziri wanne kwa taarifa moja ya kamati. CCM walikuwa wengi bungeni wakati huo pia, na Lembeli mwenyewe alikuwa CCM. Kwa hiyo anayeniambia Bunge la chama kimoja kikubwa haliwezi kitu, namwambia Desemba 2013. Liliweza.

Ila angalia lilichoweza. Liliondoa watu. Toka Maige atoke hadi 2024, kiti kile walikikalia Kagasheki, Nyalandu, Maghembe, Kigwangalla, Ndumbaro, Chana, Mchengerwa, Kairuki, na 2024 akarudi Chana. Wengine hawakuondolewa na Bunge, walihamishwa tu. Februari 2023 Chana na Mchengerwa walibadilishana viti, Mchengerwa kaja utalii, Chana kaenda utamaduni na michezo. Agosti mwaka huohuo Chana akahama tena. Sasa wewe ni mbunge, uliahidiwa jambo na Waziri wa Machi, unasimama Mei mwaka unaofuata, unajibiwa na mtu mwingine ambaye "amelipokea". Shilingi yako unamshikia nani?

Fedha ndizo zinazonisumbua zaidi kuliko viti. Nenda geti la Loduare, unapoingia Ngorongoro, uangalie risiti. Kushusha gari moja kreta ni dola 295. Mgeni mmoja Mjerumani, mhasibu, aliishika risiti hiyo akaniuliza kwa nini isiwe 300 au 250, nani anapanga bei namna hii. Nikamwambia bei yenyewe ni 250, hizo 45 ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, na zilizaliwa Dodoma Juni 2016. Mwaka ule Waziri wa Fedha, Philip Mpango, alileta VAT kwenye huduma za utalii. Wabunge walipinga, wenye makampuni walipinga, walisema wageni watakimbilia Kenya, ambayo mwaka huohuo ilikuwa inaiondoa VAT kwenye viingilio vya hifadhi. Kodi ikapita, Julai 1 ikaanza.

Wageni hawakukimbia. Walikuwa 1,284,279 mwaka 2016, wakawa 1,327,143 mwaka uliofuata. Hapo waliosema utalii utakufa walikosea, na naona waziri alikuwa na haki ya kutembea kifua mbele. Lakini idadi ya vichwa haisemi waliolala usiku mbili badala ya nne, wala kampuni ndogo zilizokuwa zimeshauza safari kwa bei ya zamani zikalazimika kumeza tofauti. Kamati inayosimamia ingerudi kwenye kodi hiyo baada ya miaka miwili, ikamweka mezani Kamishna wa kodi na mwenye kampuni ya magari matatu, ikauliza. Hiyo ndiyo kazi isiyo na redio ya kuisikiliza.

Ndivyo ilivyo na yale mabadiliko ya Sheria ya Fedha ya 2020, yaliyofanya makusanyo ya TANAPA (hifadhi za taifa), Ngorongoro na TAWA (mamlaka ya wanyamapori) yaingie kwanza Mfuko Mkuu wa Serikali, halafu taasisi zirudishiwe kupitia bajeti. Yalikuja katikati ya korona, mwaka ambao wageni walishuka hadi 620,867, kila mtu akili iko kwingine. Baadaye utaratibu huo umeguswa tena. Mwaka 2024 wageni walifika 2,141,895, na hotuba zote zilianza na namba hiyo. Ningependa mbunge mmoja aanze na nyingine: kiasi gani kiliidhinishwa kwa miradi ya maendeleo ya Fungu 69 mwaka jana, na hadi Machi kiasi gani kilitoka Hazina. Namba hizo zipo ndani ya taarifa ya kamati, kurasa za katikati, zinasomwa haraka.

Michezo nitaipita mbio, maana siku ya Fungu 96 nusu ya muda inaliwa na utani wa Simba na Yanga na mimi ni mtu wa Yanga, sitaaminika. Lakini mafundi wetu wana swali. Kila Jumamosi wanachana mikeka yao ya kubeti. Bajeti ya 2021/2022 ilitenga asilimia 5 ya kodi ya kubashiri matokeo iende Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Sasa wanauliza, kwa mkeka waliochana hapa, ni kiwanja gani kimepata nyavu? Na zile fedha za "goli la Mama", zilizoanza kwa milioni 5 kila goli mwaka 2023, mimi nilizishangilia kama wote. Bado nataka kusikia zinasomwa katika kifungu gani. Uwanja mpya wa Olmoti, wa watazamaji 30,000, uko hapa kwetu kwa ajili ya AFCON ya 2027. Gharama za kuujenga zitaulizwa, nina hakika. Gharama za kuutunza mwaka 2028, mashindano yakishakwisha, ndizo zinazotakiwa kuulizwa sasa.

Na usije ukampigia kelele mbunge wako kuhusu zile dola 44 za bima wanazolipa wageni Zanzibar tangu Oktoba 2024. Utalii, utamaduni na michezo si mambo ya Muungano. Hizo ni za Baraza la Wawakilishi, kule Chukwani. Mgeni ananunua Serengeti na Nungwi kwa ankara moja, lakini anayeisimamia sera ya kila upande ni mwingine.

Kitu kimoja sijakisahau. Januari 2016, aliyesimama kutangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, haitaonyesha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja alikuwa Nape Nnauye, Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo. Sababu aliyotoa ilikuwa gharama, shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Waziri anayesimamiwa ndiye aliyetangaza kuzimwa kwa taa ya chumba anachosimamiwa, na mwaka huohuo VAT yetu ikapita. Tuliisoma magazetini kesho yake.

Siku hizi tunaona kwenye simu, sawa. Ila nimeshagundua kwamba mezani kwa kamati ndiko mambo yanakoamuliwa. Mwezi Juni, kabla Muswada wa Sheria ya Fedha haujafikishwa ukumbini, Kamati ya Bajeti inapokea maoni ya wadau. Wanaokwenda ni wenye makampuni, wana chama, wana mwanasheria, wana nauli na hoteli ya Dodoma. Sisi tuna kundi la WhatsApp lenye picha za chui.

Kwa hiyo safari hii tumeandika barua, kurasa mbili, na aliyekuwa mwalimu kabla hajawa dereva ameipitia. Inauliza kuhusu posho zinazokatwa kodi na zisizokatwa, kuhusu fedha za maendeleo zilizoidhinishwa na zilizotoka, na kuhusu mkeka. Tumeomba pia mwongoza watalii mmoja aitwe kwenye kikao kama mdau, akae kiti kilekile anachokaa mwenye kampuni. Wenzangu wananitaka mimi niende. Nimewaambia kama itakuwa kabla ya Juni 20 nitakwenda; baada ya hapo nina wageni.