Sikuacha Mawazo, Niliyapangia Saa

Afya yangu ilipoyumba, karibu kila aliyenihurumia alinipa ushauri uleule: acha mawazo. Aliniambia jirani, akaniambia mwalimu mwenzangu, akaniambia hata muuza dawa niliyekuwa nikinunua kwake vidonge vya maumivu. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini haumsaidii mgonjwa, na mimi ulinizidishia. Nafuu niliipata kwa njia nyingine kabisa, na naieleza hapa kwa ajili ya yeyote aliyewahi kuambiwa kwamba maradhi yake anajitakia.

Jambo lililonisumbua lilikuwa shamba la michungwa alilotuachia baba huko Muheza. Siku ya arobaini, baba mdogo alisema mbele ya wazee kwamba binti akishaolewa hana fungu katika ardhi ya ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawasawa na mwanamume, kwa hiyo nilifungua shauri kwenye baraza la ardhi, nalo likawa la kuahirishwa kila tunapoitwa. Baba mdogo aliyasema maneno yake mara moja tu, lakini mimi niliyasikia kila siku: nikisahihisha madaftari, nikikuna nazi, nikiwa nimebanana na abiria ndani ya daladala. Kila nilipoyasikia nilimtungia jibu jipya, na kila nilipomtungia jibu moyo ulinienda mbio kana kwamba bado nimekaa naye kwenye mkeka.

Baadaye nilisoma na kuelewa kilichokuwa kikitendeka. Mtu akiona hatari, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage homoni ziitwazo adrenalini na kotisoli. Moyo huongeza kasi, presha hupanda, ini hutoa sukari kwenye damu, misuli hukaza, na tumbo hupunguza kazi ya kusaga chakula. Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyaona haya ya tumbo kwa eksirei zaidi ya miaka 100 iliyopita: paka wake walipofadhaika, matumbo yao yalisimama. Matayarisho hayo ni ya kumwezesha mtu kukimbia au kupigana, kisha yaishe. Mwaka 2006 watafiti Jos Brosschot, William Gerin na Julian Thayer waliandika kwamba tukio lenyewe hupita, bali kulirudiarudia kichwani ndiko kunakouweka mwili katika hali hiyo kwa saa nyingi, kabla ya tukio na baada yake. Niliposoma hayo nilijitambua. Mwili wangu ulikuwa kama askari anayekesha lindoni bila kupokewa zamu.

Kwangu mimi maumivu yalianzia shingoni. Nilikuwa nikikaza mabega na kusaga meno usingizini, naamka taya zimechoka, na ikifika adhuhuri kichwa kinabana pande zote. Nikawa nanunua diklofenaki, na sikumpata hata mtu mmoja wa kuniambia kwamba dawa za jamii hiyo huchubua tumbo na zinaweza kupandisha presha zikitumiwa mfululizo. Tumbo likaanza kuniunguza. Hapo kila mtu akawa daktari: una vidonda vya tumbo, vimeletwa na mawazo, kunywa maziwa, kunywa maji ya kabichi. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha tumbo hutoa asidi zaidi. Na vidonda vyenyewe, kwa sehemu kubwa, husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au na dawa za maumivu kama zile nilizokuwa nikimeza. Daktari Barry Marshall wa Australia alikunywa bakteria hao mwaka 1984 ili kuthibitisha, akaanza kutapika, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Ningeambiwa habari hiyo mapema ningeokoa fedha nyingi. Kwa maziwa, kabichi na vidonge visivyo vyangu zilikwenda laki na kitu.

Mwishowe nilikwenda hospitali nikapimwa ipasavyo. Choo hakikuonyesha bakteria hao wa vidonda. Damu, sukari, tezi ya shingo na mapigo ya moyo vilikuwa salama. Daktari alinisimamishia diklofenaki, akanipa dawa ya kupunguza asidi kwa majuma machache, na tumbo likaanza kutulia. Atakayesoma haya asiruke hatua hiyo, kwa sababu moyo kwenda mbio huweza pia kuletwa na upungufu wa damu au na tezi ya shingo. Na mwenye maumivu ya kifua, anayetapika damu, anayepata choo cheusi au anayekonda bila sababu hana la kusubiri.

Ikabaki presha. Hospitalini ilikuwa imesoma juu kidogo, na shemeji yangu, kwa upendo, akaniletea mashine ya kupimia nyumbani. Mashine hiyo ilinitesa. Niliamka saa tisa usiku, nikajifunga mkanda wake mkononi gizani, nikasoma 138. Nikaogopa, nikapima tena, 147. Nikakumbuka kwamba mama yangu alianguka kwa kiharusi, nikapima tena, 156. Kila namba ilizaa hofu, na hofu ikapandisha namba iliyofuata, mpaka adhana ya alfajiri inanikuta nimekaa kitandani na mashine mapajani. Nilipomsimulia muuguzi, hakunicheka. Alinieleza kwamba presha hupimwa mtu akiwa ameshakaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo ziko chini, kibofu ni kitupu, mkono uko usawa wa moyo, na haongei. Asubuhi na jioni, mara mbili kila wakati, kisha hutazamwa wastani wa siku kadhaa. Namba moja ya usiku wa manane haitoshi kumpa mtu ugonjwa wala kumwondolea.

Hila iliyofuata naisifia mpaka leo, nayo aliibuni binti yangu. Alinichukulia mashine akaifungia kabatini kwake. Asubuhi na jioni alinikalisha kitini, akanifunga mkanda, akakifunika kioo cha mashine kwa pindo la kanga, akasoma peke yake na kuandika. Nilimbembeleza anitajie hata namba moja. Akanijibu, "Mama, zako ni kukaa tu, kusoma ni kwangu." Tuliporudi kliniki, daktari alipiga hesabu za karatasi yake: wastani ulikuwa chini ya 130 kwa 80, ilhali kipimo cha nyumbani huanza kutia wasiwasi kikifika 135 kwa 85. Sikuandikiwa dawa ya presha. Dawa za jirani, ambazo nilikuwa nimeshaelekezwa namna ya kuzimeza, zingenidhuru bure.

Sasa nirudi kwenye kuacha mawazo, maana nililijaribu kwa moyo wote. Nilizima simu, nikajiamuru nisilifikirie shamba, nikawa kila nikifumba macho naliona shamba, michungwa na baba mdogo. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake huko Marekani waliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele zililia, na waliporuhusiwa kumfikiria, alikuwa akiwajia zaidi kuliko wale ambao hawakukatazwa kwanza. Wanaotuambia tuache mawazo wanatupa dubu wa kukesha naye.

Kilichonifaa ni njia aliyoitafiti Thomas Borkovec na wenzake wa Pennsylvania mwanzoni mwa miaka ya 1980: kuyatengea mawazo nusu saa kila siku, wakati uleule na mahali palepale. Mara ya kwanza niliiweka baada ya Isha, na usingizi ukatoweka kabisa, kwa sababu nilikuwa nikipanda kitandani na moyo uliokwisha kuchemka. Nikaihamishia saa kumi na moja jioni, chini ya mwembe nyuma ya nyumba, mbali na kitanda na mbali na jiko. Natega saa ya simu, nafungua daftari la kaunta, naandika. Upande mmoja naandika yenye hatua ya kuchukua, na hatua yenyewe: kumwomba shangazi aje kutoa ushahidi, kufuata muhtasari wa kikao kwa mwenyekiti wa kijiji. Upande wa pili naandika yasiyo na hatua, likiwamo lile neno la baba mdogo, nalo nimeliandika jioni nyingi hata mkono ukalichoka kabla ya kichwa. Simu ikilia nafunga daftari hata kama sentensi haijaisha.

Wazo likija mchana naliambia lisubiri saa kumi na moja. Likija usiku nina kipande cha karatasi na kalamu chini ya mto: naandika neno moja tu, nalala. Mwanzoni wazo lilibisha, lakini lilipozoea kwamba jioni kweli nalisikiliza, likaanza kukubali kungoja. Na mengi yaliyokuwa makubwa usiku, chini ya mwembe nilikuta hayajazi hata mstari.

Mwili nao niliuhudumia wenyewe. Natoa pumzi polepole kuliko ninavyoivuta, kama pumzi 6 kwa dakika, kwa sababu pumzi ndefu ya kutoka huuamsha mshipa wa fahamu uitwao vagasi, ambao hupunguza kasi ya moyo. Naangalia taya: midomo imefungwa, meno yameachana. Asubuhi kabla ya shule natembea kuelekea Raskazoni, hapa Tanga mjini, mpaka jasho linitoke, na kahawa siinywi tena baada ya adhuhuri.

Shauri halijaisha. Kichwa kiliacha kuuma, taya zikalegea na usingizi ukarudi wakati baraza linaendelea kutupangia tarehe, na baba mdogo hajabadili kauli yake. Wiki ya kuitwa barazani, shingo hukaza tena. Wiki hiyo nauanza mwembe saa kumi kamili, nampelekea wakili kurasa zenye hatua, na mashine bado iko kabatini kwa binti yangu.