Mbalamwezi na simu

Nauza dagaa pale Kibirizi, Kigoma, na nusu ya biashara yangu iko kwenye simu. Mteja wa Dar hatumi hela mpaka apigiwe picha dagaa wakiwa bado kwenye chanja. Akiona wanang'aa na hawana mchanga, tumemalizana. Kwa hiyo wanaosema zima data uishi kwa amani, mimi hawanisaidii. Ninachopigania ni yale masaa ambayo simu haiuzi chochote.

Nayajua yanapozidi: siku za mbalamwezi. Wavuvi wetu huvua usiku kwa taa, dagaa wanaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, mitumbwi inalala ufukweni siku kadhaa na sisi tunakosa cha kuanika. Mwaka 2024 ndiyo ilizidi, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Watu wazima tumejaa barazani, vichwa chini, kila mtu na video zake. Mtoto anaita mama, mama, mpaka anachoka anaondoka. Iliniuma, nikajiwekea mipaka.

Android na iPhone zote zilianza kuleta sehemu ya kupima matumizi mwaka 2018. Ingia kwenye mipangilio utaona kila programu imekula dakika ngapi leo. TikTok nimeipa dakika 30. Zikiisha, alama yake inageuka kijivu na haifunguki mpaka saa sita usiku. Ni kweli unaweza kukiondoa kikomo mwenyewe, ila kule kurudi kwenye mipangilio kunakupa nafasi ya kujiuliza unatafuta nini. Video zenyewe hazikupi nafasi hiyo, maana hazina mwisho. Aza Raskin, Mmarekani aliyebuni mwaka 2006 ule ukurasa unaojiongeza wenyewe kila ukiusukuma kwa kidole, amesema hadharani kuwa anajutia.

Kinachonisaidia zaidi ni kuondoa rangi. Mchana siwezi, dagaa nitawauzaje kwa picha isiyo na rangi? Nimeitegesha simu: ikifika saa tatu usiku kioo kinakuwa cheusi na cheupe chenyewe, hadi saa kumi alfajiri. Jaribuni kutazama video ya pilau la kijivu. Hamu inakata, unaiweka simu chini bila kulazimishwa. Yangu inalala sebuleni kwenye chaji, na chumbani nimenunua saa ya kengele ya betri, ili kuamka kusiwe kisingizio cha kulala nayo.

Wateja nimewaambia wazi: ujumbe wa baada ya saa tatu utajibiwa alfajiri, mwenye haraka apige, nitapokea. Kaka mmoja wa Dodoma alinuna, akasema nitakosa wanunuzi. Siku hizi yeye ndiye wa kwanza kupiga asubuhi, kabla hata sijafika mwaloni, kuuliza mitumbwi imerudi na nini.