Mkono uligoma miezi saba

Leo nimemaliza daftari. Dogo tu la kurasa 64, lile la karatasi nyembamba ambalo ukikandamiza biki upande wa pili unatoka vipele, siyo lile la maana la karatasi nzito nililolinunua nikasema hili litakuwa la kazi nzuri. Hilo la kazi nzuri bado lipo kabatini na halina hata nukta. Basi nimeandika tarehe ukurasa wa mwisho, alafu nikachomoa daftari la zamani kuangalia mchoro wa mwisho kule ulikuwa wa lini, nikahesabu kwa vidole mara mbili. Miezi saba na siku kadhaa sikuchora kitu. Mimi huyu ambaye toka niko mdogo madaftari yangu ya hesabu yalikuwa na watu wanakimbia pembeni kuliko majibu.

Watu wakiniuliza nilikuwa najibu niko bize. Uongo mtupu, muda ulikuwepo, tena wa kumwaga. Nilikuwa nafanya kila kitu kinachofanana na kuchora isipokuwa kuchora kwenyewe: nachonga penseli kwa wembe, 2B, 4B, 6B, nazipanga kwa urefu, ile 6B, laini kuliko hizo zingine, si mnajua inavyokatikaga ncha, naichonga tena, nafuta meza, nawasha taa, alafu nakaa kuangalia vidio za watu wengine wanachora, zimeongezwa spidi, sura nzima inatokea kwa dakika moja na nusu, mpaka saa nane usiku. Nikijitahidi sana nafungua ukurasa nachora jicho. Jicho lilelile kila siku, la msichana anaangalia kushoto, kope ndefu, kwa sababu jicho hilo naliweza hata nikiwa nimesinzia. Alafu linakuja jicho la pili, ambalo halijawahi kulingana na la kwanza toka dunia iumbwe, nalifuta, nachora, nafuta, raba inakula karatasi mpaka inaota manyoya. Nafunga daftari. Kesho ntaanza vizuri.

Nilijua ilipoanzia, ila nilikuwa sitaki kupaangalia.

Kuna dada mmoja tunafahamiana aliniomba nimchoree marehemu baba yake. Picha aliyokuwa nayo ni moja tu, ndogo, imepigwa kwa simu ya zamani, ukiivuta inakuwa vidoto. Nikaikubali kazi kwa moyo wote, nikaifanya wiki tatu, shati nikalichora mpaka uzi wa kifungo. Siku ya kumpelekea nikamfunulia, akaangalia. Akaangalia tena. Akasema asante, kazi kubwa, Mungu akubariki. Alafu akiwa anaifunika, taratibu kabisa wala hakuwa na ubaya, akasema, "Ila siyo yeye."

Maneno matatu. Angenitukana ningepona mapema, maana matusi unabishana nayo. Hili ningebishana nalo vipi, mimi ndo nimjue baba yake kuliko yeye? Nikarudi na hilo neno nyumbani, na kuanzia hapo kila nikishika penseli, kabla hata mstari haujafika mahali, nasikia siyo yeye. Hata nikichora kikombe. Kikombe nacho siyo yeye.

Ushauri niliupata mwingi, na niliujaribu. Nilisoma kwamba Leonardo da Vinci alikuwa anawashauri wachoraji waangalie kuta zenye madoa, kwamba ukitulia utaona humo milima, vita, sura za watu. Nikakaa bafuni kwenye ukuta wenye unyevu dakika ishirini. Niliona unyevu. Mwingine akanitumia habari za Hokusai, yule Mjapani wa yale mawimbi, kwamba alipokuwa mzee wa miaka sabini na kitu aliandika kuwa vyote alivyochora kabla ya miaka 70 si vya kuzungumzia, na anatumaini akifika 100 na zaidi ndo ataelewa. Habari nzuri sana hiyo, ila inamfaa mtu anayechora na kuona hafiki. Kwa mtu aliyesimama haisaidii, maana huyo mzee mwenyewe anasema alianza kuchora ana miaka 6, na amefariki 1849 ana karibu miaka 90 hajaweka brashi chini. Mi nilikuwa nimeweka chini.

Kilichonitoa ni kitu cha kijinga kabisa. Nilikuwa nimepiga simu sehemu fulani kufuatilia jambo langu, wakaniweka kwenye ule muziki wa subiri-tafadhali, na mezani kulikuwa na bahasha, biki, na hedifoni zangu zimejisokota kama kawaida yake. Dakika kumi, kumi na tano. Macho yako kwenye ule waya kwa sababu hakuna kingine cha kuangalia, masikio yako kwenye simu, na mkono sijui nani aliuruhusu. Walipopokea ndo nashtuka kuangalia chini, nyuma ya bahasha kuna waya. Siyo mzuri, umevuka ukingo wa karatasi sehemu mbili na fundo moja limekaa hewani, lakini ulikuwa waya. Una uzito. Pale unapopita chini ya mwenzake unaona kabisa unapita chini. Yaani kwa miezi sikuwa nimechora kitu chenye uhai kama huo waya wa hedifoni, na nimeuchora wakati siko.

Nikajiuliza, kwa nini mkono unachora pale mwenyewe akiwa hayupo?

Hapo nikakumbuka zoezi ambalo zamani nililidharau, la kuchora bila kuangalia karatasi. Kuna mwalimu mmoja wa New York, Kimon Nicolaïdes, amefariki 1938, ndiye hasa aliyelitangaza. Maelekezo yake ni hivi: unatazama kitu, penseli iko kwenye karatasi, na unajiaminisha kwamba ile ncha inagusa ukingo wa kile kitu chenyewe, siyo karatasi. Mpaka uamini. Jicho likianza kutambaa ukingoni mkono unatambaa nalo, mwendo wa konokono, na huruhusiwi kuchungulia chini. Mchoro unaotoka ni kituko. Ila ndo raha yake, kwa sababu hakuna mtu atakayekuambia mkono wako haufanani wakati vidole viko saba, hiyo kesi ilishafungwa kabla haijaanza.

Nikaanza na kiatu cha kushoto. Nilichora hicho kiatu siku nne mfululizo, dakika kumi kwa alamu ya simu, ikilia naacha hata kama niko katikati ya kamba. Kwa biki, penseli na raba nilizifungia kwenye droo, kwa sababu raba ndo ilikuwa inanipa nafasi ya kujihukumu kila sekunde tatu. Siku ya tatu nikagundua kisigino kimelika upande wa nje zaidi kuliko wa ndani. Viatu hivyo navivaa mwaka wa pili sasa! Sikuwahi kuona. Nikakaa na hilo jambo muda mrefu kidogo, kwamba hivi ni vitu vingapi nimevichora bila kuviona.

Siyo kwamba mzuka ulirudi kama umeme, tuelewane. Siku ya tisa nilichora mikono yangu yote miwili (wa kulia niliuchora kwa kushoto, msinicheke), ikatoka vizuri ajabu, nikaipiga picha, nikakaa kutafuta mwanga mzuri wa kuipigia tena, nikaanza kufikiria nani nimuonyeshe na atasema nini. Kesho yake mkono ukagoma tena. Siku tatu. Tokea hapo nikaacha kuonyesha mtu. Rafiki yangu akanipa ile ya mficha uchi hazai, toa kazi zako watu wazione. Sawa, lakini hata mimba si inakaa tumboni kwanza.

Basi kurasa zikaenda. Funguo. Kiti kilichoning'inizwa koti. Watu kwenye foleni, sekunde thelathini kila mmoja, maana hawasubiri, ukifika kwenye goti ameshasogea. Kurasa kama ishirini hapo katikati ni takataka, sizitetei. Lakini nilikuwa nafungua daftari bila tumbo kuuma.

Wiki iliyopita, nikiwa nimebakiza kurasa chache, nikaitafuta kwenye simu ile picha ya yule baba.

Sikuthubutu kuiangalia hivihivi. Nikaigeuza juu chini, ujanja ambao wachoraji wengi wanautumia, kwa sababu sura ikiwa wima kichwa chako kinaharakisha kusema hili jicho, hii pua, alafu mkono unachora jicho unalolijua wewe badala ya lile lililopo. Ikigeuzwa inakuwa giza hapa, mwanga hapa, kona hii iko juu kuliko ile. Nikaanza kupima kwa biki, na nikafika kwenye macho nikaona hayalingani. Nikadhani nimekosea, nikapima tena. Hayalingani kweli. Kope la juu la jicho lake moja limeshuka, zito, limefunika karibu nusu ya mboni.

Nikaenda kufungua ile picha ya mchoro wangu wa zamani niliyokuwa nayo kwenye simu. Macho mawili sawasawa, yamefunguka vizuri, mazuri mno. Nilimrekebisha. Wiki tatu nzima nilikuwa namtengeneza mzee wa watu awe na jicho langu, lile la kope ndefu, na uzi wa kifungo nikauweka ili nionekane niko makini. Dada wa watu alikuwa sahihi kabisa, na nadhani hata yeye hakujua ni nini hasa kilichokosekana, alijua tu baba yake hayupo pale.

Nimemchora upya, kwa biki, ukurasa wa 61. Shati nimelipitia juu juu, mistari minne mitano. Sikio moja limekuwa kubwa na wino umevuja kidogo karibu na shingo kwa sababu karatasi ni ile ya vipele. Sijamwambia binti yake bado. Nimejiwekea mpaka Jumapili niamue kama nampigia au namuachia majonzi yake, maana siyo kila mtu anataka kugongewa mlango mara ya pili na jambo hilo. Daftari liko hapa mezani limefunguka ukurasa huohuo, na kila nikipita ananiangalia na kale kajicho kamoja kalikoshuka, kama mtu aliyesikia utani na anajizuia kucheka.