Niko Moshi, Mjomba

Montreux nilikwenda kwa ajili ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Mtu wa Unguja ufike Uswisi, uambiwe sanamu ya mtoto wa Mji Mkongwe imesimama kando ya ziwa, ngumi juu, utaachaje kwenda? Treni kutoka Geneva ni kama saa moja, maji kulia, mizabibu kushoto.

Picha nikapiga. Kilichonishika zaidi ni kasino iliyo mbele kidogo. Mjomba aliyenifundisha gitaa alianza na noti nne za "Smoke on the Water" ya bendi ya Deep Purple, kama wanavyoanza wengi. Aliniambia ni wimbo wa moshi. Mimi, mtoto, nikaelewa Moshi ya Kilimanjaro, naye akaniacha hivyohivyo miaka mingi.

Moshi wenyewe ulitoka hapa. Tarehe 4 Desemba 1971 mwanamuziki Frank Zappa alikuwa jukwaani, mtu mmoja ukumbini akafyatua bastola ya fataki, dari likashika moto. Claude Nobs, mwanzilishi wa tamasha la jazi la mji huu, akawa anawatoa watu. Hakufa mtu, ila kasino iliteketea. Deep Purple walikuja kurekodi humo, na gari lenye studio ndani, la bendi ya Rolling Stones, walishalikodi. Wakabaki kutazama moshi ukitanda juu ya ziwa.

Wakahamia ukumbi wa Pavillon, usiku, gitaa la Ritchie Blackmore likinguruma, majirani hawalali. Polisi wakagonga, mafundi wakashikilia mlango mpaka muziki ukaisha kurekodiwa. Kisha Grand Hotel, tupu kwa baridi, magodoro yakazibia sauti kwenye korido. Kulifikia gari ili kusikiliza walichopiga ilibidi wapite vyumbani na kwenye roshani, wakachoka, wakaacha kwenda. Jina la wimbo alizinduka nalo usingizini Roger Glover, mpiga besi wao. Maneno, kwangu, ni kama maelezo ya shahidi kituoni: nani alikuwepo, nini kiliungua, walihamia wapi. Hayana pambo, nami nayapenda kwa hilo.

Kasino ya sasa ni ya 1975. Kahawa yangu ya jirani yake ilikula pesa ambayo Darajani ningejaza kapu.

Jioni nikapiga simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Niko Moshi."

Kimya kidogo, halafu kicheko. "Mlima unauona?"

Ng'ambo ya ziwa vilele vilikuwa vyeupe kwa theluji.

"Nauona, mjomba."