Mnyoo anayejua saa

Babu Saa, fundi wa saa wa Rangi Tatu hapa Dar es Salaam, ana swali moja ambalo humtupia kila mteja anayekaa kwenye benchi lake kusubiri betri. Hufungua mgongo wa saa, hukuonyesha vigurudumu vinavyoumana, halafu huuliza: "Hii imejitengeneza yenyewe?" Ukishasema hapana, umekwisha. Atakupeleka kwenye jicho, kwenye ubawa wa njiwa, hadi kwenye kucha zako, na betri yako bado haijawekwa.

Hoja yenyewe, kwamba kitu kilichoundwa kwa ustadi namna hii lazima kiwe na fundi, yaani Mungu, ina umri. Padri mmoja wa Kiingereza, William Paley, aliiandika mwaka 1802, na yeye vilevile alianza na saa, iliyookotwa uwandani. Babu hajamsoma Paley. Kaipata kwenye kazi ya mikono yake, ndiyo maana huwa simbishii ovyo.

Ila mimi kabla ya kustaafu nilikuwa mtu wa maabara, na wiki iliyopita nilimjibu kwa mnyoo.

Zamani tulikuwa tukipita mitaani kupima vimelea vya matende na mabusha, na kazi ile ilikuwa ya usiku. Watu walikereka. Mama mmoja alitufungulia mlango nusu akauliza kama sisi ni waganga au wanga. Lakini hakukuwa na namna. Mtoboe mtu kidole saa sita mchana, slaidi yake, kile kioo cha kupakia tone la damu, inaweza kuwa safi kabisa. Mrudie mtu huyohuyo saa sita usiku, wamejaa. Vimelea hao ni minyoo. Wakubwa hukaa kwenye mirija ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, miaka sita, hata minane, wakimwaga watoto kwa mamilioni. Watoto hao mchana hujificha kwenye mishipa midogo ya damu ya mapafu. Ikifika kama saa nne usiku wanatoka kuja kwenye damu iliyo karibu na ngozi, na kilele chao ni hadi saa nane hivi. Huo ndio wakati anaotembea mbu anayewabeba hapa mjini, kuleksi, yule wa vyoo vya shimo na mitaro iliyoziba. Tone likiwa bado bichi chini ya hadubini, utawaona wanajinyonganyonga kama uzi uliopandwa na pepo, wanazipiga kumbo chembe nyekundu za damu huku na huku. Nakiri, ni wazuri kuwatazama.

(Na hapana, mabusha hayaletwi na maji ya madafu. Nimelisema hilo miaka thelathini, na bado kuna shemeji yangu hagusi dafu.)

Nikamwambia: "Babu, si unatafuta saa? Hiyo hapo. Haina betri wala haichelewi kazini. Aliyeitengeneza alikusudia nini?"

Akanyamaza, akakaza skrubu. Kisha bila kuniangalia: "Panga likimkata mtu, mwanangu, utasema halikuwa na mhunzi?"

Hapo alinipata, na nimelala nalo siku kadhaa. Ni kweli. Madhara ya kitu hayathibitishi kwamba hakikusanifiwa. Kuna mwanabiolojia wa Marekani, Michael Behe, mtetezi mkubwa wa hoja ya usanifu, ambaye mwaka 2007 aliandika bila kupepesa kwamba malaria ilisanifiwa kwa makusudi. Wengi walimshangaa. Mimi namwona mkweli kuliko wanaotuonyesha kipepeo kisha wanakunja mkeka. Kama uhodari wa kazi ndio ushahidi wa fundi, basi kimelea cha malaria ni ushahidi sawasawa na jicho, na mnyoo wetu naye aandikwe kwenye daftari hilohilo.

Sasa lisome daftari hilo. Mjomba wangu wa Kisiju aliishi na busha miaka mingi. Aliacha kupanda daladala, akaacha kwenda harusini, Ijumaa alikuwa akisali safu ya nyuma kabisa karibu na mlango ili atoke wa kwanza. Na busha lile halikumfaa mnyoo kwa lolote. Mnyoo anahitaji damu yenye watoto wake na mbu wa kuwanyonya, basi. Aibu ya mjomba haikuwa na kazi yoyote kwenye mtambo ule. Panga angalau lina mkata kuni.

Mimi ni mtu wa kusali, na sikumwamini Mungu kwa sababu ya vigurudumu. Hilo ndilo nililoshindwa kumweleza Babu vizuri pale benchini: simbishii kwamba fundi yupo, nambishia kwamba ukimtafuta kwa kuangalia kazi ya mikono tu, hutajua kama anakupenda wewe au anampenda mnyoo.

Nilimtajia jambo jingine. Kwenye baadhi ya visiwa vya Pasifiki, mbu anayebeba mnyoo huyuhuyu huuma mchana. Na huko watoto wa mnyoo hujaa kwenye damu mchana. Kwangu hiyo ni alama ya kitu kilichochongwa na mazingira, kizazi baada ya kizazi: waliotoka saa mbaya hawakupata mbu, hawakuacha wajukuu. Babu akacheka. "Au fundi anazirekebisha saa zake kufuata kila nchi." Ukiwa na fundi asiyekosea kamwe, kila jibu ni lake.

Lakini kumbe alikuwa bado anafikiri. Nimeshamlipa, nimeshasimama, akaniita.

"Na mlinzi je? Anayelala mchana?"

Nikamwambia hilo lilishajaribiwa tangu karne ya kumi na tisa. Mtu akigeuza usingizi wake, baada ya siku chache watoto wa mnyoo nao wanageuza saa. Wanamfuata anavyolala.

Akaivua lenzi jichoni, akaipangusa kwa ncha ya shati, muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Hiyo," akasema, "ningependa kuifungua."