Kubana shingo tu ya ganda la risasi

Ganda likishafyatuliwa hutanuka na kuchukua umbo la chemba, yaani tundu la bunduki linamokaa risasi. Ukilijaza upya kwa kubana shingo peke yake, sehemu inayoshika kichwa cha risasi, mwili unabaki ukiikaa chemba hiyo sawasawa, na ganda halichoki upesi. Basi lirudi kwenye bunduki ileile tu, ya bolti ya mkono.

Lifute kwanza, ndani na nje. Kiangazi cha Usangu kina vumbi jingi, na chembe moja ikinasa ndani ya kalibu, kifaa cha chuma cha kubania ganda, itachora kila ganda linalofuata. Kisha paka kilainishi kidogo sana ndani ya shingo kwa brashi. Shingo ikiwa kavu, tufe la kupanulia lililo ndani ya kalibu huivuta na kuipinda wakati wa kutoka, na shabaha huharibika hapo kuliko wengi wanavyodhani. Kipenyo cha ndani kiwe pungufu ya kile cha kichwa cha risasi kwa takribani milimita 0.05. Futa kilainishi kabla ya baruti.

Baada ya kufyatuliwa mara kadhaa, bolti itakuwa nzito kufunga. Usilazimishe: rudisha bega, mteremko kati ya shingo na mwili, nyuma kidogo kwa kalibu ya mwili mzima. Ukiona mstari unaong'aa juu kidogo ya kitako, ganda hilo litupe, linakaribia kukatika.