Nilivyopima intaneti inayoliwa na seva yetu ya baruapepe kwa kutumia logi

Kampuni ninayofanyia kazi Dar es Salaam inatoa mizigo bandarini, na kazi hiyo ni makaratasi mwanzo mwisho. Kila mzigo una nyaraka zilizoskaniwa zinazotumwa kwa mteja, kwa wakala wa meli na kwingineko. Seva ya barua iko humuhumu ofisini, inatumia Postfix (programu ya kupokea na kutuma barua) na Dovecot (inayowawezesha watu kusoma barua zao). Intaneti ilipoanza kuwa nzito kila asubuhi, mkurugenzi aliniita: "Kijana, hiyo seva yako inakula kiasi gani?" Rauta yetu haionyeshi matumizi ya kila kifaa. Nikageukia logi, yaani faili ambamo seva huandika kila inachofanya.

Kwenye Debian yetu (aina ya Linux) logi ya barua ni /var/log/mail.log, na za zamani hubanwa kuwa .gz; amri ya zcat -f husoma zote kwa pamoja. Mstari wa kuanzia unafanana na huu:

postfix/qmgr[1187]: 7C41A2E0B3: from=<nyaraka@example.com>, size=4108822, nrcpt=6 (queue active)

Hiyo size ni baiti za ujumbe mzima, viambatisho vikiwa vimeshageuzwa kuwa herufi kwa base64, mfumo unaoongeza ukubwa wa faili kwa kama theluthi. Ndiyo maana PDF ya megabaiti 3 inasomeka 4.1. Kishawishi ni kujumlisha size zote kwa awk (lugha ndogo ya kuchakata maandishi) na kufunga hesabu, lakini jumla hiyo haina maana. Ujumbe uliokwama huandikiwa mstari uleule kila unapotolewa kwenye foleni kujaribiwa upya, kwa hiyo chukua mstari mmoja tu kwa kila namba ya foleni (hapo juu ni 7C41A2E0B3). Halafu angalia ulikwenda wapi. Ujumbe huu una wapokeaji 6: wawili wamo humu ofisini, wanne wako nje, kila mmoja kwenye seva yake. Kwa hiyo zile megabaiti 4.1 zilitoka mara nne, zaidi ya megabaiti 16 kwa barua moja. Wanne hao wangekuwa wa domeini moja, kwa kawaida Postfix ingepeleka nakala moja.

Kuzitambua safari hizo nilichukua mistari ya postfix/smtp (sehemu inayopeleka barua kwenye seva nyingine) yenye status=sent, yaani barua imepokelewa, nikaunganisha namba ya foleni, seva iliyopokea na jibu lake. Wapokeaji waliohudumiwa kwa safari moja huwa na jibu moja. Mistari yenye relay=127.0.0.1 niliitupa, kwa sababu hiyo ni barua inayopita kwenye kichujio cha virusi ndani ya mashine ileile. Programu ya pflogsumm hutoa muhtasari mzuri wa siku, ila jumla yake kuu haitenganishi cha ndani na cha nje, na kwangu hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe. Ukitumia mawk ya zamani (toleo mojawapo la awk), chapisha jumla kwa %.0f, kwani %d hugota kwenye 2147483647, yaani karibu gigabaiti 2.

Upande wa kusoma barua uko kwa Dovecot. Mtu akitoka, logi ya IMAP (njia ya kusoma barua zilizoko kwenye seva) huandika in= na out=, yaani zilizoingia na zilizotoka, kwa baiti. Mstari huo hauonyeshi anwani ya IP; hiyo iko kwenye mstari wa kuingia, baada ya rip=. Nilioanisha miwili hiyo kwa kitambulisho cha session (namba ya muunganisho huo), nikaondoa wote wenye IP za ofisini. Simu hubaki zimeunganishwa kwa saa nyingi na baiti huandikwa zinapokatika tu, kwa hiyo amini jumla ya wiki kuliko ya saa.

Kuhakikisha, nilijumlisha kila kitu, cha ndani na cha nje, nikalinganisha na vnStat, programu inayosoma matumizi ya kadi ya mtandao. Logi ilikuwa chini kidogo, kama inavyotakiwa: vichwa vya TCP (maelezo ya njiani ya kila pakiti), nyongeza za usimbaji wa TLS na spamu zilizokataliwa mlangoni havimo.

Zaidi ya nusu ya kilichotoka nje kilikuwa IMAP, yaani simu za wenzetu walioko bandarini zikivuta nyaraka zilezile. Lakini kilichoniuma zaidi ni mistari iliyosema "lost connection" na kumalizia "while sending message body". Barua nzito inakatika katikati, inarudi kwenye foleni, inaanza upya kutoka baiti ya kwanza. Data iliyopotea hivyo haiandikwi popote. Unaijua kwa kuhesabu majaribio tu. Na mtumaji, akiona mteja hajajibu, anatuma tena.

Nilimpelekea mkurugenzi karatasi moja yenye jumla hizo na majina ya masanduku mazito. Alikuwa tayari kununua kifurushi kikubwa zaidi. Nikamwomba kwanza tuguse mashine ya kuskani: ilikuwa kwenye rangi na dpi 600 (nukta kwa inchi), tukaishusha hadi nyeusi na nyeupe, dpi 200, na maandishi na mihuri bado vinasomeka vizuri. Skripti ya hesabu hizi sasa inajiendesha kila usiku kwa cron (kipanga-kazi cha Linux), na "while sending message body" imekuwa nadra.